Bega la Kuazima

Nawaonea wivu, nanyi mnajua. Nimewaona mmekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, simu mkononi, mkitazama goti la mtu wa nchi nyingine likikunjwa na kunyooshwa. Mnalisimamisha kwa kidole, mnalirudisha nyuma, mnalitazama tena. Goti la bure, halichoki, halilalamiki, halidai chai. Kisha mnapiga miayo na kusema masomo ya mbali yanachosha. Mkiniona napita mnanisalimu vizuri, shikamoo bibi, nami naitikia marahaba, lakini moyoni nasema: laiti ningelipata mimi hilo goti.

Mmoja wenu ameniomba niwaandikie jinsi masomo haya yalivyoanza huku kwetu. Nadhani alitaka maneno ya kutia moyo. Nitaandika kwa wivu, maana ndivyo nilivyoyapokea, na sioni sababu ya kuyatia sukari leo.

Nilizaliwa Rudewa, kwenye kambi za mkonge. Baba alikuwa Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge akiwa kijana na hakurudi kwao. Alipofariki, mama naye hakukaa sana. Nikabaki na wadogo watatu. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa darasa alikuja nyumbani kuuliza mbona sionekani shuleni. Akanikuta Ramadhani, kitindamimba wetu, yuko mgongoni, mwingine ananivuta gauni, na ugali unaungua jikoni. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka bila kuuliza.

Kazi ya hospitali ya Kilosa niliyoipata baadaye ilikuwa ya kufagia. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba cha mazoezi, na ndani yake Bwana Sanga, mtu pekee aliyesomea fiziotherapia kwa upande wetu wote. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kugomba hata anapoomba chumvi. Siku moja alikuwa anahangaika na mgonjwa mzito aliyepooza upande, akanitazama nikipita na fagio na maji ya kudekia.

"Wewe! Weka hilo fagio. Shika kisigino."

Nikashika kisigino. Niliendelea kushika visigino mpaka nilipostaafu.

Msidhani nilianza vizuri. Mara ya kwanza kuachiwa kupima magongo, nilimpimia mwashi mmoja akiwa amelala kitandani, miguu mitupu. Nikayakata vizuri, nikayapiga msasa. Aliposimama nayo kesho yake akiwa na viatu, yakawa mafupi, akajikunja mgongo kuyafuata, akawa kama kunguru aliyenyeshewa. Bwana Sanga aliyatazama, akanitazama na mimi.

"Ulimpimia magongo au jeneza?"

Mwashi ndiye aliyecheka kwanza. Tangu hapo nikapima mtu akiwa amesimama, na kwa viatu atakavyotembelea, siyo alivyoazima kuja navyo hospitalini. Hilo lishikeni. Lingine ni hili: pasheni viganja moto kabla ya kumgusa mtu. Mkono wa baridi unamfanya akaze msuli, nawe utaandika kwamba msuli umekakamaa, kumbe umeukakamaza mwenyewe.

Bwana Sanga alifundisha kwa mkono juu ya mkono. Anaweka wangu kwenye paja la mgonjwa, anaweka wake juu yangu, anabonyeza.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini, bwana?"

"Basi hujasikia. Tena."

Majina ya misuli aliyasema kwa Kiingereza, na aliyasema peke yake kama mtu anayesali. Mimi hakunitajia. Nikaijua misuli kama unavyowajua majirani kwa mwendo wao, bila kujua wanaitwa nani.

Sasa ikaja ile miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindana kwa honi, na kule Rudewa mkonge ukaachwa ukamea majani. Hospitalini tukaambiwa wagonjwa watachangia huduma na wafanyakazi watapunguzwa. Katibu wa hospitali alituita tusio na vyeti. Alipofika kwangu alikuwa na huruma, sikatai.

"Mwajuma, wewe chumba cha mazoezi endelea kukishika na Bwana Sanga. Lakini ni mpaka apatikane mwenye cheti. Akipatikana, nafasi ni yake."

Nikasema sawa. Nilijua mwenye cheti hayupo kutoka kwetu mpaka Morogoro, na chuo kilikuwa mbali, na waliokwenda huko hawakupenda kurudi Kilosa. Nikalala usingizi.

Hapo ndipo chuo chenyewe kilipotufuata. Tangazo lilibandikwa ukutani: mafunzo ya wasaidizi wa fiziotherapia kwa njia ya posta. Mwanafunzi anabaki kazini kwake, anatumiwa vijitabu, anajibu maswali na kuyarudisha, na kila baada ya muda wanakutana na mwalimu kwa vitendo. Anayetakiwa awe mtumishi wa afya, na awe amemaliza kidato cha nne.

Nililisoma mpaka chini, nikarudi juu nikasoma tena, kama vile kidato cha nne kingefutika nikikikodolea macho.

Ramadhani alikuwa na kidato cha nne. Nilimpeleka mwenyewe shule kwa vitumbua nilivyokaanga alfajiri kabla ya kwenda kufagia. Wakati huo alikuwa karani wa kuandikisha wagonjwa kwenye kituo cha afya Mikumi, ameoa huko, anakaa kwa wakwe. Akaja Kilosa mbio na tangazo hilohilo mkononi.

"Shikamoo dada. Umeliona hili?"

"Marahaba. Nimeliona."

"Mimi najiandikisha! Nimekua nikikusikia unazungumza magoti na visigino, dada, leo nitayasoma kitabuni."

Alikuwa anafurahi kweli. Nikamkaribisha chai. Mkono uliommiminia chai ulikuwa wangu lakini niliuona kama wa mtu mwingine, maana nilimmwagia nusu kwenye suruali.

Wivu wangu haukukaa peke yake. Bwana Sanga naye alikuwa na wake. Alikuwa amefundishwa na watu waliompiga rula kwenye vidole, na aliona kijitabu kinachokuja kwa basi ni tusi kwake binafsi.

"Utatia mkono kwenye bahasha?" alikuwa ananiuliza mimi, kana kwamba ndiye niliyeanzisha jambo hilo. "Bahasha itamshika mtu bega? Wataleta vipofu wenye vyeti!"

Wivu wake na wivu wangu vikakaa katika chumba kile kimoja kama wapangaji wawili wasiozungumza. Yeye hakutaka mtu apate kwa urahisi alichokipata kwa shida. Mimi sikutaka mtu apate kwa haki nilichokipata kwa kuchungulia.

Vijitabu vilikuja na mabasi, na mabasi hayakujua mpangilio wa mwili wa binadamu. Goti lilifika kabla ya nyonga. Shingo ilipitilizwa mpaka Ruaha Mbuyuni, ikakaa kwa muuza vitunguu, ikarudi ina harufu. Lakini Ramadhani alivisoma vyote, na majibu yake ya kuandika yalirudi na alama nzuri kila mara. Akija Kilosa alinifungulia kurasa, ananionyesha mchoro wa misuli iliyopakwa rangi nyekundu, kila mmoja na jina lake. Wale majirani zangu wote, wamepangwa kwenye karatasi, wanaitwa kwa majina, na mtoto niliyembeba mgongoni ndiye ananitambulisha kwao.

"Huu ndio unaoinua mkono, dada."

"Naujua," nikasema.

"Unaujua jina?"

Nikamwambia anywe chai.

Kila kijitabu kilimalizia kwa maneno haya: fanya zoezi hili kwa mtu wa nyumbani kwako. Aliyeandika nadhani nyumbani kwake kulikuwa na watu wa kushikika. Nyumbani kwa Ramadhani kulikuwa na mke mwenye mimba kubwa, ambaye kijitabu kilimkataza kumgusa kwa mazoezi, na mama mkwe. Hebu fikirini mkwilima anamwambia mama mkwe avue khanga ya bega amnyooshe mkono. Angerudishiwa mahari siku hiyohiyo.

Kwa hiyo akaenda kwa mtani. Nje ya kituo cha afya, Mama Mkude, mama wa Kiluguru, alikuwa anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori. Mnyamwezi na Mluguru hawanyimani, na wala hawaachani bila kutukanana. Ramadhani akamwomba bega la kujifunzia.

"Chukua, chukua," Mama Mkude akamwambia. "Ninyi Wanyamwezi mmeshatubebesha mizigo tangu enzi za babu zetu, bega ndilo mlilobakiza."

Kila jioni alikaa kwenye kigoda chake, Ramadhani anamwinua mkono kama kitabu kinavyosema, na Mama Mkude anapiga kelele mpaka upande wa pili wa barabara kuu. "Nakufa jamani! Mnyamwezi ananiua! Njooni mrithi birika!" Madereva wanacheka, Ramadhani anacheka, anaendelea kuinua. Bega lenyewe lilikuwa zima kama la farasi. Nililiona mwenyewe siku niliyokwenda kumtembelea, nikacheka pamoja nao. Kilikuwa kichekesho kweli.

Ikafika siku ya kukutana na mwalimu wa chuo. Walikodi ukumbi wa gesti moja hapo Mikumi, wakasukuma meza ukutani na kuweka magodoro. Wanafunzi walitoka Kilosa, Kidodi, na wengine upande wa Iringa. Bwana Sanga alialikwa kama mwenyeji wa fani. Alisema hatakwenda kuhalalisha upuuzi, kisha akaniambia nimbebee mfuko wa magongo twende. Alitaka kuona kwa macho yake wakianguka. Na mimi, kwa kuwa nimesema nitaandika yalivyokuwa, sikubeba ule mfuko kwa uzito.

Mwalimu alikuwa Bi Tekla, mama mrefu, mpole, asiyeinua sauti. Aliamini masomo haya kama wengine wanavyoamini mvua. "Sisi hatuwezi kuwaita wote chuoni," alisema, "wala wagonjwa wa Mikumi hawawezi kungoja mpaka tuwaite."

Mgonjwa wa Ramadhani alikuwa utingo wa lori aliyevunjika mkono, ukafungwa hogo la plasta muda mrefu mpaka bega likaganda. Ramadhani alitaja misuli yote, kwa mfululizo, bila kukwama. Bi Tekla akatabasamu. Kisha Ramadhani akaushika mkono akaanza kuinua.

"Aa, kaka, taratibu," akasema utingo.

Ramadhani akaendelea.

"Kaka, unaniua!"

Ndugu yangu akatabasamu. Nilimwona. Alitabasamu vilevile kama anavyotabasamu pale kwenye maandazi, akasema, "Vumilia bwana, birika lako hatulirithi," akaongeza kuinua. Utingo akawa mweupe midomo.

"Ramadhani!" Sauti iliyonitoka ni ile ya kumwita kutoka kwenye kisima. "Achia!"

Akaachia. Utingo alikunja mkono kifuani akageukia ukutani. Tukasikia malori yakibadilisha gia huko nje.

"Nilisema," Bwana Sanga akasema. "Nilisema au sikusema? Bahasha hiyo!"

Bi Tekla alikwenda kwanza kwa utingo, akamtazama bega, akampa pole, akamweka mkono kwenye mto. Ndipo akamgeukia Ramadhani.

"Ulikuwa unajifunzia kwa nani?"

"Kwa mtani wangu, mwalimu."

Watu wakacheka. Bi Tekla hakucheka. "Alikuwa akilia?"

"Kila siku. Kwa utani."

Akatafakari, kisha akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Nesi wa Kidodi alisema alijifunzia kwa mwanawe akiwa amelala. Na kweli alikuwa amegusa mgonjwa wake kwa wepesi mno, mgonjwa akamuuliza ataanza saa ngapi. Bwana mmoja wa upande wa Iringa alijifunzia mguu wake mwenyewe. Huyo alikuwa amepanda godoro akakaa ubavuni kwa mgonjwa, wakatazama upande mmoja kama abiria. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alikuwa amejifunza tabia za mwili aliouazima.

Bi Tekla akasema hakuna atakayeendelea mpaka awe na msimamizi wa fani karibu naye, atakayetia sahihi kwamba mikono yake inafaa. Kwa Ramadhani, msimamizi ni Bwana Sanga. Hakuna mwingine.

"Sitii," akasema Bwana Sanga.

Njia nzima ya kurudi Kilosa aliitetea hiyo sitii yake, nami nilikaa na mfuko wa magongo mapajani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Asipotia sahihi, Ramadhani anafutwa, mwenye cheti hapatikani, na mimi nabaki na chumba changu. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kukaa tu.

Ramadhani alikuja wiki hiyohiyo. Hakunisalimu kwa kelele zake. Alisimama mbele ya Bwana Sanga kama mtu aliyeitwa barazani.

"Mzee, nifundishe mkono."

"Kajifunzie kwa Mluguru wako."

"Nimemuumiza mtu, mzee. Nataka nisiumize mwingine."

Bwana Sanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akanielekezea kidole mimi.

"Mwajuma ana bega bovu tangu aliposhika yule mgonjwa wa lifti." Tulimwita hivyo mzee mmoja aliyetudondokea wakati wa kumnyanyua, akaniachia maumivu ambayo sijaachana nayo. "Hana utani na wewe, na halali usingizi akishikwa. Jifunzie kwake. Siku atakayoniambia mkono wako unafaa, nitatia sahihi. Asiponiambia, sitii mpaka nife."

Akatoka zake kwenda kunywa chai, akatuacha tunatazamana. Mnaona alivyoniweka? Neno la kunitoa chumbani nilipewa nilitamke mwenyewe.

Alikuja Kilosa kila alipopata nafasi. Nilikaa kwenye kiti, nimejifunga khanga vizuri, yeye nyuma yangu. Mwanzoni alinishika kwa ncha za vidole, maana mimi ni dada yake, na ndani ya udada wangu mna mama yake.

"Mkono wako baridi. Pasha."

"Samahani dada."

"Usiniombe samahani, pasha mkono. Haya. Hapo. Hapo! Rudi."

"Hujalia, nitajuaje?"

"Nitazame usoni. Unatazama bega la nini, bega lina macho?"

Alihamia mbele akanitazama usoni, nami nikamtazama yeye. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa na mtu. Aliposhika vibaya nilimwambia amekosea. Aliposhika vizuri nilitamani kumwambia amekosea, nikamwambia ni sawa. Sikumuongezea wala sikumpunguzia. Msidhani ni wema. Kama chumba changu kinachukuliwa, sikukubali kichukuliwe na mkono mbovu unaotumia jina la baba yangu.

Ikafika siku aliinua mkono wangu mpaka pale unapoanzia kukataa, na akasimama hapohapo, hakuzidisha hata unywele, akangoja, bega likalegea lenyewe. Nilijifunga khanga, nikainuka.

"Nimekosea, dada?"

Nilitoka nikamkuta Bwana Sanga anasoma gazeti la juzi. "Mkono unafaa," nikasema.

Alinitazama sana. "Unajua ulichosema?"

"Kalamu hiyo hapo, bwana."

Ramadhani alipata cheti. Bwana Sanga alistaafu, na katibu akatimiza alichosema: nafasi ikawa yake. Mimi nilikuwa narudishwa wodini, Ramadhani akaomba nibaki kama mhudumu wake, wakakubali. Basi nikafanya kazi chini ya mdogo wangu mpaka siku yangu ya mwisho. Wagonjwa walimwita daktari, mimi wakaniita mama, na mbele yao nilimwita daktari pia. Nyumbani nilimwita Rama na kumtuma maji.

Nimalizie kwa mzee wa Kilangali. Alikuwa kibarua wa shamba la mbegu, aliangushwa na tela, paja likavunjika, likapona, goti likakataa kukunja. Alitaka kitu kimoja: aweze kupiga goti msikitini kama wenzake, asiswali kwenye kiti. Ramadhani alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akashika kifundo, akaanza kukunja. Mimi nilikuwa mlangoni na mashuka. Mzee akaanza kuguna. Akaguna zaidi. Nikaona jasho.

"Daktari, achia," nikasema.

"Bado, dada."

Mbele ya mgonjwa! Hakunitazama hata. Alimtazama mzee usoni.

"Baba, linachoma au linavuta?"

"Linavuta, mwanangu. Linavuta vibaya."

"Likichoma nipige begani. Likivuta twende." Na kwangu, bila kugeuka: "Kovu ndilo linalovutika, dada. Goti halijeruhiwi. Nalisikia linaachia."

Mzee aliguna, goti likaenda, likaenda tena kidogo, na kisigino kikapita chini ya kitanda mahali ambapo hakijawahi kufika tangu aletwe. Mzee akainama kukitazama kama mtu aliyeona ndege wake aliyepotea. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

Nilikuwa nimekosea. Mimi ningeachia, na yule mzee angeswali kwenye kiti maisha yake yote. Mkono ulikuwa ule niliomfundisha mimi, lakini kulikuwa na kitu ndani yake ambacho sikumpa, kilichokuja kwenye vile vijitabu vyenye harufu ya vitunguu. Nilisimama pale na mashuka yangu, nikaona wivu unanipanda, mkubwa kuliko ule wa tangazo ukutani.

"Njoo uguse mwenyewe," Ramadhani akasema. "Bado halijakaza tena. Njoo usikie."

Sikwenda mara moja. Nilitaka ajue kwamba sikwenda mara moja. Kisha nikaweka mashuka kwenye kiti, nikanawa mikono, nikaipasha, nikapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Wapi?" nikamuuliza mdogo wangu.